Kuiacha njia ya miguu katikati na kwenda kula lami: ukitoka, toka kwa ubavu

SuguYaKisigino (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna swali halituishi sisi tunaotembea masafa marefu. Uko katikati ya safari ya miezi, miguu imeshazoea, anatokea mtu ana gari na tangi limejaa, anakwambia "panda tukazunguke siku mbili tatu". Unapanda au unakaza? Watu hulijibu kwa hasira, utadhani umewauliza habari za dini yao. Kwangu hilo ni swali la ramani: gari litakushusha wapi ukimaliza kuzunguka? Mengine yote yanajadilika.

Nilikuwa kwenye Pacific Crest Trail, ile njia ya Marekani inayoanzia Campo, mpakani na Meksiko, na kuishia mpakani na Kanada. Ni kama kilomita 4,265 kupitia California, Oregon na Washington. Jangwa la kusini tulikuwa tumeshalimaliza, tumeingia milima ya Sierra Nevada, tumevuka Forester Pass, pasi (upenyo wa kuvukia kati ya vilele) ambayo kwa mita 4,009 ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia nzima. Chakula kimebaki cha kulamba. Hapo wengi hufanya kitu kimoja: wanaiacha njia kuu, wanapanda Kearsarge Pass upande wa mashariki, wanateremka hadi maegesho ya Onion Valley, halafu wanaomba lifti hadi Independence kununua chakula. Asubuhi unakanyaga theluji, mchana uko kwenye joto la jangwa.

Pale maegeshoni tulimkuta kaka wa mtembeaji mwenzetu, amekuja na gari la kukodi kumsalimia mdogo wake. Ana likizo fupi, siti za nyuma ziko wazi, na hana ratiba yoyote. Mazungumzo hayakuchukua hata dakika tano. Naingiza shanta kwenye buti sijui kama tunaelekea kusini au kaskazini.

Sharti langu lilikuwa moja, na nililisema kabla sijafunga mkanda: nendeni popote, mimi mnirudishe kwenye maegesho haya haya. Huko ndiko kutoka kwa ubavu: unaiacha njia kwa pembeni, unarudi pale ulipoiachia.

Kwa nini? Kwa sababu barabara ya 395 inapita chini ya ukuta wa mashariki wa Sierra karibu sambamba na njia ya miguu iliyo juu. Lone Pine, Independence, Bishop, Lee Vining, zote ziko kwenye lami hiyo, na Mammoth Lakes iko pembeni yake kidogo tu. Kipande ambacho mguu unakimaliza kwa wiki na zaidi, gari linakimaliza kabla chai haijapoa. Ukikubali kushushwa mbele, umeuza milima yote ya katikati kwa starehe ya siku tatu, na hutarudi kuitafuta. Utasema utarudi mwakani. Nawajua wengi waliosema hivyo.

Basi tukaenda. Kituo cha kwanza kilikuwa Manzanar, kando ya barabara kati ya Independence na Lone Pine. Watembeaji tunapita juu yake bila kujua ipo. Ni mojawapo ya kambi ambazo serikali ya Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wengi wao raia kabisa, kuanzia 1942 hadi 1945. Ilifika wakati zaidi ya watu 10,000 walikuwa ndani ya seng'enge pale. Ukisimama katikati ya uwanja, ukuta wa Sierra uko mbele yako, ule ule niliokuwa nimelala nyuma yake juzi nikilalamika baridi. Nikaacha kulalamika.

Kisha Death Valley. Siku chache kabla nilikuwa kileleni Mount Whitney, mita 4,421, mlima mrefu kuliko yote Marekani ukiiondoa Alaska. Badwater, uwanda wa chumvi ndani ya Death Valley, uko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Kati ya sehemu hizo mbili ni kama kilomita 136 tu kwa mstari ulionyooka! Tulifika kabla jua halijachomoza na hewa ilikuwa ya moto tayari. Ilipokaribia saa nne asubuhi kaka mtu alifungua mlango wa gari apige picha ya mwisho, akaufunga tena, akasema picha ya kupitia kioo inatosha. Rekodi rasmi ya joto la hewa duniani, nyuzi 56.7 za Selsiasi, ilipimwa kwenye bonde hilo mwaka 1913. Sikuona sababu ya kubisha.

Kilichonifaa kuliko vyote ni White Mountains, safu inayoitazama Sierra kutoka ng'ambo ya bonde la Owens. Kutoka Big Pine unapanda kwa lami hadi Schulman Grove, kama mita 3,050, kwenye ile misonobari ya kale inayoitwa bristlecone. Mmoja wao, Methuselah, una zaidi ya miaka 4,800, na wanaotunza msitu hawaonyeshi ni upi ili usiharibiwe. Nilisimama mbele ya mmoja usio na jina. Shina limejisokota, gome limekwisha karibu lote, ubao mtupu umeng'arishwa na upepo wa mchanga. Ila ubavuni kuna utepe wa gome, upana wa kiganja, unapanda hadi juu kulisha tawi moja la kijani. Mti mzima unaishi kwa utepe ule.

Na ukigeuka nyuma, Sierra yote imejipanga. Majuma mazima nilikuwa ndani yake nisione zaidi ya pasi inayofuata. Kutoka pale niliona nilipotoka na ninapokwenda kwa mara moja. Hilo mguu usingenipa.

Tukamalizia Mono Lake na Bodie. Huko kuna kisa, nitakieleza nikiulizwa.

Naomba kuwasilisha.


Mpenda_Vituko

Nimeshatandika mkeka. Endelea mkuu.


KwaMguuTu

Mtoa mada, nakuheshimu, uandishi wako mzuri. Lakini umejikanyaga. Unasema "toka kwa ubavu", halafu unataja Mono Lake na Bodie. Ramani ninayo hapa. Zote ziko kaskazini, juu ya Mammoth. Huo ubavu gani? Umekwenda mbele ya njia kwa gari, umeona, umerudi. Mimi nikitembea natembea. Kutoka alama ya mwanzo hadi alama ya mwisho, siku ya kupumzika nalala mjini, sipandi gari kwenda kutalii.


SuguYaKisigino (mtoa mada)

KwaMguuTu, umenishika pazuri, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Ni kweli tulipanda kaskazini. Mono Lake ni ziwa la chumvi lililoshuka sana kwa sababu jiji la Los Angeles lilianza kuchukua maji ya mito yake mwaka 1941, hadi mamlaka ya maji ya jimbo ilipoamua mwaka 1994 kwamba ziwa lirudishiwe kina. Zile nguzo nyeupe za mawe unazoziona kwenye picha zilijengeka chini ya maji. Ziko nje kwa sababu maji yaliondoka. Bodie nako ni mji wa dhahabu uliohamwa, umeachwa katika hali yake, sahani bado ziko mezani. Sijutii.

Ila kurudi kusini kutoka Lee Vining ndiko kulikokuwa na mtihani. Kwanza unaipita njia panda ya Tioga Road, inayopanda hadi Tuolumne Meadows ambako njia yetu inapita. Baadaye unaipita njia panda ya Mammoth. Kila njia panda gari lilinyamaza. Mdogo mtu, mtembeaji mwenzangu, pale Mammoth akasema, "nishusheni hapa, nitakuja kukimalizia kipande cha nyuma siku nyingine." Tukamshusha. Alifika Kanada, alitembea vizuri, na hadi leo hicho kipande hajakirudia. Kipande chenyewe kina Glen Pass, Pinchot, Mather, Muir. Ukiwauliza waliopita, wengi watakwambia hapo ndipo moyo wa safari nzima.

Kwa hiyo nalirekebisha neno langu hivi: ubavu ni pale unapoteremkia, hata kama kwa gari ulizunguka hadi wapi.


KwaMguuTu

Sawa, hapo umejieleza. Bado siendi.


LamiNaVumbi

Mimi nitakuwa upande wa huyo mdogo mtu. Mnasema "kipande hajakirudia" kana kwamba ana deni benki. Amedhulumu nani?

Halafu kuna miaka ambayo ubavu hauwezekani. Mwaka 2023 theluji ya Sierra ilikuwa nyingi kupita kiasi, Tioga Road yenyewe ilifunguliwa Julai. Watu waliruka mbele, wakatembea kaskazini kwanza, wengine wakarudi Sierra theluji ilipopungua, wengine hawakurudi. Mito ya theluji inayoyeyuka inaua. Ungewaambia nini, warudi palepale walipotoka kwa sababu ya kanuni ya uzi?

Moto wa msitu ni vilevile. Njia imefungwa, gari ndiyo jibu, unashuka mbele unaendelea.


SuguYaKisigino (mtoa mada)

LamiNaVumbi, theluji na moto ni habari nyingine kabisa. Pale umelazimika. Mimi naongelea safari ya starehe, ambapo hakuna kinachokusukuma isipokuwa siti tupu na muziki mzuri. Anayekimbia hatari simuulizi ameshuka wapi.


MpitaNjia

Hebu niongeze kitu, maana watu wa "mguu tu" huwa wanasahau kwamba njia zenyewe hazina msimamo huo.

Appalachian Trail, kilomita 3,500 hivi kutoka Springer Mountain jimbo la Georgia hadi Katahdin jimbo la Maine. Ukifika mto Kennebec huko Maine, njia rasmi ni mtumbwi. Kabisa! Mabwawa ya juu yakifungulia maji mto unapanda ghafla, kwa hiyo kuna mtu wa kukuvusha, na ndani ya mtumbwi imepakwa ile alama nyeupe iliyopo kwenye miti njia nzima. Unakaa juu ya njia.

Te Araroa ya Nyuzilandi, kama kilomita 3,000, ilifunguliwa 2011. Mito ya Rakaia na Rangitata haihesabiwi kuwa sehemu ya njia, imetajwa wazi kuwa maeneo ya hatari. Unaishia ukingo mmoja, unapanda gari kuzunguka, unaanzia ukingo wa pili. Na kati ya visiwa viwili unapanda feri, hakuna anayeogelea Cook Strait na shanta mgongoni.

Camino, njia ya mahujaji ya kwenda Santiago huko Hispania, ofisi ya mahujaji inataka angalau kilomita 100 kwa miguu ili upewe cheti. Mimi niliiacha Meseta, ile tambarare kati ya Burgos na León, nikapanda gari na rafiki hadi baharini kaskazini, tukarudi, nikaendelea kutoka León. Cheti ninacho. KwaMguuTu usinitafute.


KwaMguuTu

Sikutafuti. Ila Meseta ndiyo iliyokuwa itakufundisha kutembea, hivyo vingine ni mandhari.


BintiWaVilele

Uzi umekuja wakati mwafaka kabisa, kaka Sugu. Niko mwezi wa pili kwenye njia, mwili uko vizuri, lakini kichwa kimechoka. Kila siku kuamka, kukunja hema, kutembea, kula kile kile. Sasa binamu yangu yuko njiani na gari, atafika Jumamosi, anataka anichukue tukazunguke. Naogopa vitu viwili. Cha kwanza, mwili kulala. Siku tano za kukaa kwenye siti, nikirudi nitaanza upya? Cha pili, naogopa nikionja godoro sitarudi.


DaktariWaNyayo

Binti, mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na ninatembea pia. Acha nikutoe hofu ya kwanza.

Siku tano hazikuondolei pumzi uliyoijenga kwa wiki nyingi. Kushuka kwa uwezo huo huanza kuonekana vizuri ukikaa karibu wiki mbili bila kazi. Siku chache za mwanzo mara nyingi mwili unafaidika, maana kano na mishipa midogo ya nyayo haipati nafasi ya kupona ukiwa unatembea kila siku. Watu wengi wenye maumivu ya kisigino asubuhi hupata nafuu kwenye mapumziko kama hayo.

Vinavyobadilika haraka ni vingine. Sugu za nyayo hulainika, hasa ukishinda na ndala na kuoga kila siku. Ukirudi na kwenda mwendo ule ule uliouacha, malengelenge yatakukaribisha. Siku ya kwanza nenda nusu. Kimo pia: ukiwa umezoea kulala mita 3,000 na ukashuka kwenye joto, siku chache mwili haujasahau, lakini ukikaa wiki mbili tatu unaanza karibu mwanzo. Ndiyo maana nilipenda mtoa mada aliposema walipanda White Mountains.

Kwenye gari sasa. Mtu aliyezoea kutembea saa kumi kwa siku akikaa saa sita mfululizo magoti hukakamaa na miguu huvimba. Simameni kila baada ya saa moja na nusu hivi, tembea hata dakika tano. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kwa sababu ya kukaa sana ni kitu cha kweli, hata kwa wenye afya. Na tafadhali, hilo pozi la kuweka nyayo zilizochoka juu ya dashibodi liache. Mfuko wa hewa ukifunguka kwenye ajali unarudisha magoti usoni kwako.

Njaa nayo haitapungua siku hiyo hiyo uliyoacha kutembea. Tumbo litaendelea kudai chakula cha mpanda mlima wakati umekaa. Hilo mimi silikatazi, kula.


Mpenda_Vituko

"Hilo mimi silikatazi." Daktari wa kwanza duniani.


MamaShanta

Wanangu, mnaongea falsafa, mimi nauliza mafuta analipa nani.

Nimeona urafiki wa njiani wa miezi ukivunjika kwa safari ya gari ya siku nne. Kwenye njia kila mtu ana chakula chake, hema lake, mwendo wake; ukichoka na mwenzako unaongeza hatua. Ndani ya gari huna pa kwenda. Kwa hiyo kabla hamjaondoka: mafuta mnagawanaje, nani anaendesha, siku gani mnarudi. Siku ya kurudi itajwe kwa jina lake, Jumatano ni Jumatano. Ikibaki "tutaona" hamtaona.

Gari la kukodi: ni aliyeandikwa kwenye mkataba tu ndiye aendeshe. Wengine hupokezana usukani kwa wema, ajali ikitokea bima inawakana wote. Na mikataba mingi hukataza barabara za vumbi. Huyo Bodie wenu najua kilomita kama tano za mwisho ni vumbi, sijui kaka mtu alisoma karatasi yake.

Usiku msiendeshe. Mtembeaji amezoea kulala giza likiingia, saa tatu usiku kwake ni usiku wa manane. Ukimpa usukani saa tano usiku unampa kitanda.


SuguYaKisigino (mtoa mada)

Shikamoo Mama Shanta. Kaka mtu hakusoma kitu, tulimsomea sisi tukiwa tumefika kwenye vumbi. Gari likabaki mwisho wa lami, tukamalizia kwa mguu. Kwa hiyo KwaMguuTu, Bodie nilitembea!


MamaShanta

Marahaba. Ndiyo nilitaka kusikia.


KwaMguuTu

Angalau hapo.


LamiNaVumbi

Mama Shanta amesahau harufu. Buti za mtembeaji ndani ya gari lililofungwa vioo, juani. Funga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, weka kwenye buti ya gari. Na msafishe miili kabla ya siti, hata kwa maji ya chupa nyuma ya mti.

Kuhusu wanyama: nilipokuwa Yosemite sheria ilikuwa huachi chakula ndani ya gari usiku, dubu wanachana milango. Tumia makabati ya chuma yaliyoko kambini, au lile pipa lako la dubu, pipa gumu la chakula ambalo dubu hawezi kulifungua, ambalo tayari unalibeba. Watu wa gari hawalijui hilo, mtembeaji ndiye amwambie mwenye gari. Na Mineral King, upande wa magharibi wa Sierra, kuna panya-buku wa milimani wanaitwa marmoti wanaotafuna mipira ya injini. Wenye magari wanayafunga kwa turubai kuanzia chini! Nilidhani ni utani hadi nilipoona maegesho yamejaa vifurushi vya bluu.


BintiWaVilele

Asanteni sana wote, na shikamoo mama. Hofu ya godoro bado hamjanijibu.


SuguYaKisigino (mtoa mada)

Dada, nilikuwa nakuja huko.

Godoro lenyewe halina shida. Nililala kwenye godoro usiku mmoja tu Bishop na nikaamka mara nne kwa sababu chumba hakina upepo. Kinachokurudisha au kukuzuia ni vitu vidogo vya kupanga kabla hujaondoka.

Cha kwanza, acha kitu kinachokudai kurudi. Mimi nilinunua chakula cha kipande kinachofuata chote siku ile ile ya kuondoka, kabla ya safari, nikakipakia kwenye pipa la dubu nikalifunga. Safari nzima pipa limekaa kwenye buti limejaa. Ukirudi umechoka hujanunua chakula, unasema "nilale mjini nijipange", na mji unakumeza.

Cha pili, kibali. Kibali cha masafa marefu cha Pacific Crest Trail, kinachotolewa kwa wanaotembea kilomita 800 na zaidi, ni cha safari moja inayoendelea. Ukianza kurukaruka vipande unaweza kutakiwa kuomba kibali cha eneo husika, na Sierra ya kusini siyo mahali pa kufika bila karatasi. Soma masharti ya kwako kabla gari halijawasha, njia yoyote uliyopo. Hii nayo ni sababu ya kurudi pale pale.

Cha tatu, waambie watu. Nilikuwa na kile kifaa cha setilaiti kinachotuma nilipo kila baada ya muda, na sikukizima. Nyumbani wanaangalia ramani: nukta iliyozoea kutambaa kilomita tatu kwa saa imetoka mlimani, inakimbia jangwani kwa kasi ya mia na kitu. Dada yangu alidhani nimetekwa. Nilipofika penye mtandao simu ilikuwa na jumbe hadi nikaogopa kuzifungua. Andika mstari mmoja tu: niko kwenye gari, niko salama, narudi njiani Jumatano.

Cha nne, kubali kwamba siku ya kurudi itauma. Kutoka Onion Valley hadi Kearsarge Pass unapanda karibu mita 780, na huo mlima hauhesabiki kwenye kilomita zako za njia, ni kurudi tu pale ulipoachia. Pipa limejaa, jua kali, kaka mtu anapunga mkono kutoka kwenye kiyoyozi. Kona ya tatu nilimtukana moyoni, Mungu anisamehe. Juu ya pasi nikakutana na kundi lililokuwa nyuma yangu kwa siku kadhaa, ndio kwanza wanatoka kwenda kununua chakula. Wakaniuliza kama njia ya chini ina maji. Nikawaambia ina maji, na kuna jamaa maegeshoni ana siti tatu.


Mpenda_Vituko

Umemuuza kaka wa watu.


SuguYaKisigino (mtoa mada)

Likizo yake ilikuwa na siku mbili bado.


DaktariWaNyayo

Binti, kwa hiyo hofu ya pili niongeze moja. Uchovu wa kichwa unatofautiana. Kama umechoshwa na utaratibu, kubadilisha mandhari kunasaidia na hamu hurudi haraka. Kama hutaki tena kutembea, gari litakuonyesha hilo siku ya pili au ya tatu, na ni bora ulijue ukiwa na binamu yako kuliko ukiwa peke yako kwenye pasi. Kuacha nako ni uamuzi halali.


KwaMguuTu

Hapo nakubaliana na daktari. Na Binti, mimi siendi kwenye gari lakini sikukatazi. Nikupe ushauri wa mtu wa mguu: siku ya kwanza ukirudi, usiwaangalie waliokupita. Ukianza kuwafukuza utaumia.


MamaShanta

Binti, binamu yako ana leseni inayokubalika huko aliko? Na ana tairi la akiba lenye upepo?


BintiWaVilele

Leseni anayo, mama. Tairi nimemuuliza sasa hivi, ameenda kuangalia, anasema lipo lakini jeki haioni. Anatafuta ya kuazima kabla ya Jumamosi. Nimemwambia anichukue kwenye daraja ninapolala Ijumaa na anirudishe kwenye daraja hilo hilo Jumatano saa mbili asubuhi. Kajibu, "Jumatano au Alhamisi." Nimemwandikia Jumatano kwa herufi kubwa.